Ufunguo wa Geti la Pili Anao Nani?

Wanajumuiya, bumu limeingia, mwaka wa kwanza wameshapata vitanda (na wengine bado wanabebana), na mabango ya usiku wa kuwapokea yameanza kubandikwa kwenye kila nguzo ya chuo. Safi sana. Sherehe ni sehemu ya maisha ya chuo kama ilivyo kudesa usiku wa kuamkia mtihani. Ila kabla spika hazijafungwa uwanjani, nina swali moja kwa kamati ya maandalizi na kwa kila atakayenunua tiketi: ufunguo wa geti la pili anao nani?

Nauliza kwa sababu miaka miwili iliyopita nilikuwa kwenye kamati ya sherehe kama hii. Uwanja wetu ulikuwa na uzio na mageti mawili. La nyuma tulilipiga kufuli ili watu wasizamie bila tiketi. La mbele tulifungua bawa moja tu, la pili tukaliegemeza meza ya kukagulia tiketi. Mwezi wa kumi na moja, vuli imekolea. Saa nne na nusu usiku mvua ikashuka kwa kishindo, na dakika hiyo hiyo jenereta ikazima. Giza totoro. Kila mtu akageukia lile bawa moja la geti. Mwenzetu mwenye ufunguo wa kufuli alikuwa ametoka na bodaboda kwenda kununua petroli ya jenereta.

Dada mmoja wa mwaka wa kwanza alianguka pale getini, mtulinga ukavunjika. Muhula wake wa kwanza chuoni alianza na mkono umefungwa shingoni, anaazima notisi kwa wenzake. Asubuhi tuliokota viatu vya mguu mmoja mmoja, ndoo nzima. Hakuna aliyekufa. Tukasema Mungu ametusaidia, tukaendelea na maisha. Ni kweli alitusaidia, lakini kufuli tulifunga sisi.

Tangu siku hiyo nimesoma sana kuhusu usalama wa mikusanyiko ya nje. Haya ndiyo niliyotamani mtu anieleze kabla.

Watu wengi hufa wakiwa wamesimama

Magazeti yetu huandika "wamekufa kwa kukanyagana". Neno hilo linatupotosha kidogo. Katika ajali nyingi za namna hii, wengi hufa kwa kukosa pumzi. Watu wanabanana mpaka kifua hakiwezi kutanuka kuvuta hewa, na mtu anaweza kupoteza uhai akiwa bado wima. Wa nyuma wanasukuma kidogo tu, kwa sababu hawaoni mbele kuna nini. Visukumo vidogo vya watu mia vikijumlishwa, vinapinda hata vyuma vya uzio.

Si habari za mbali. Februari 2020, watu 20 walikufa kwenye Uwanja wa Majengo, Moshi, wakati umati wa waumini ulipokimbilia sehemu moja. Machi 2021, polisi walitangaza kuwa watu 45 walipoteza maisha Dar es Salaam katika msongamano wa kumuaga Rais Magufuli Uwanja wa Uhuru. Huko Duisburg, Ujerumani, Julai 2010, watu 21 walikufa kwenye tamasha la muziki ambapo wanaoingia na wanaotoka walipitishwa njia moja. Waliokuja kulia na waliokuja kucheza, wote walikutwa na tatizo moja: watu wengi, nafasi ndogo, njia moja.

Jifunze hesabu kwa chaki

Chukua chaki, chora mraba wa mita moja kwa mita moja kwenye korido ya hosteli. Ingizeni watu wawili: mnaweza kucheza. Watu wanne: bado mnageuka, ila mikono inagusana. Kuanzia watano kwenda juu huamui tena unaelekea wapi, mwenzio akiyumba na wewe unayumba. Kwenye umati, hapo ndipo watu wanaanza kwenda kama maji, kila kisukumo kinasafiri kutoka nyuma hadi mbele.

Sasa tuje uwanjani. Kiwanja cha mpira wa kikapu kina mita 28 kwa 15, yaani mita za mraba 420. Toa jukwaa, spika, meza za chakula na njia za kupita, tuseme 120. Zinabaki 300. Ukipanga watu wawili kwa kila mita ya mraba, mwisho wako ni watu 600. Tiketi zikifika 600, kitabu kifungwe, hata kama anayegonga geti ni best yako. Na wale wenye kadi za bure, wasanii na wapambe wao wahesabiwe humo humo.

Hesabu ya pili ni ya kutoka. Miongozo ya viwanja vya michezo ya Uingereza hukadiria kwamba kwenye ardhi tambarare, watu 82 hupita kwa dakika kwenye kila mita moja ya upana wa njia. Geti lenye upenyo wa mita moja, kama lile letu, lingehitaji zaidi ya dakika saba kutoa watu 600. Mageti mawili yenye upana wa mita mbili kila moja yangewatoa kwa chini ya dakika mbili. Na hayo ni makadirio ya watu wanaotembea bila hofu. Kwenye giza na kelele watu wanajibana mlangoni, kasi inashuka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: njia za kutokea ziwe angalau mbili, ziwe pande tofauti, zisiwe na kufuli wakati watu wako ndani. Mnaogopa wazamiaji? Wekeni watu wawili wenye reflekta kwenye geti la nyuma. Mlinzi hufungua njia papo hapo. Kufuli husubiri ufunguo. Sisi kufuli lile lilituokolea labda tiketi ishirini.

Mvua ya vuli haiombi kibali

Kalenda yetu ya masomo huanza wakati wa vuli, kwa hiyo sherehe ya kupokea wageni huangukia msimu wa mvua na radi. Hapa kuna hesabu rahisi: ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu sekunde. Sauti husafiri kilometa moja kwa takribani sekunde tatu. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilometa kumi hivi, na inaweza kukufikia. Zima muziki, watu waingie ndani. Msirudi uwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

"Ndani" maana yake jengo la kudumu au gari lililofungwa. Chini ya mwembe ni hatari kuliko uwanjani, na hema lenye nguzo za chuma halikukingi na radi hata kidogo. Kamati iamue mapema: mvua ikinyesha tunaenda ukumbi gani, nani kaombwa kuuacha wazi, na je, unatosha watu wote?

Hema lenyewe nalo linahitaji adabu. Upepo ukiingia chini ya turubai, hema linakuwa tanga. Kwenye nyasi, zipigwe mambo na kamba zote. Kwenye sakafu ya saruji hazipigiki, ndipo watu hufunga dumu la maji kwenye mguu. Dumu la lita 20 ni kilo 20 tu, na kwa hema kubwa hilo halitoshi. Aliyekodisha hema aulizwe linahitaji uzito gani na linastahimili upepo wa namna gani. Akijibu "usiwe na wasiwasi, kaka", tafuteni mwingine.

Umeme, moto na msosi

Jenereta ikae mbali na watu, mahali pa wazi, moshi wake ukielekea kusiko na umati. Isiwekwe chumbani hata mvua ikinyesha, kwa sababu moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Isiongezwe mafuta ikiwa inanguruma au bado ya moto. Mafuta ya usiku mzima yawepo tangu jioni, ili mwenye funguo asiondoke kama yule wetu.

Nyaya zisipite kwenye njia ya kutokea. Maungio ya ekstensheni yainuliwe kutoka chini na yafunikwe, kwa sababu maji hayachagui. Na kila geti liwe na taa yake yenye betri, isiyotegemea jenereta. Kama sisi tungekuwa na taa mbili tu za kuchaji, nadhani yule dada asingeanguka.

Wauza chipsi na mishkaki tunawapenda, lakini majiko yao yakae mbali na hema na mbali na mageti. Kila banda liwe na mtungi wa kuzimia moto, na mwenye banda aonyeshe kwamba anajua kuutumia. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usimwage maji. Yatalipuka na kusambaza moto. Funga gesi, funika karai kwa mfuniko, toka. Namba ya Zimamoto ni 114, ya polisi wa dharura ni 112. Ziandikwe nyuma ya tiketi, pale ambapo huwa mnaweka sura za wadhamini. Zahanati ya chuo nayo iarifiwe tarehe, na njia ya gari la wagonjwa isigeuzwe maegesho ya wageni waalikwa.

Nani anasema "basi"?

Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mvua ikianza, MC anamtazama DJ, DJ anamtazama waziri wa burudani, waziri anatafuta mtandao ampigie rais wa serikali ya wanafunzi. Sherehe lazima iwe na mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, mwenye mamlaka ya kusimamisha kila kitu bila kuomba ruhusa. Asiwe msanii, asiwe mshika fedha, na asiwe amelewa.

MC apewe maneno mapema, yameandikwa kwenye karatasi: "Muziki unasimama. Tunatoka taratibu, upande huu geti la mbele, upande huu geti la nyuma. Usikimbie." Taa ziwashwe zote. Na kwa sababu kipaza sauti kinakufa na jenereta, iwepo spika ya mkononi ya betri.

Umuhimu wa maneno hayo walioujua kwa machungu ni wenzetu wa Kenya. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Garissa, mlipuko wa hitilafu ya umeme uliwashtua usiku wanafunzi wa kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Walidhani wamevamiwa. Wakaruka madirishani, mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya mia wakaumia. Novemba mwaka huo huo, zoezi la usalama katika Chuo Kikuu cha Strathmore lilidhaniwa ni shambulio la kweli, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Hofu isiyojibiwa na sauti inayoaminika inatosha kuua, hata adui asipokuwepo.

"Utatuharibia shangwe"

Najua kuna wanaosema hivyo. Tukisema wakati ule, sisi wenyewe, kwamba karatasi ya mshauri wa wanafunzi ni ya kugongewa muhuri tu, yaishe. Siku hizi namtembelea kabla ya kujaza fomu, pamoja na mkuu wa askari wa chuo, tunazunguka uwanja kwa miguu. Inachukua nusu saa. Wao wanajua taa ipi haiwaki na mtaro upi hauna mfuniko. Na saa mbili kabla ya mageti kufunguliwa, kamati izunguke tena, ifungue kila geti kwa mkono wake.

Nawe mnunuzi wa tiketi una sehemu yako. Ukifika, kabla hujatafuta mahali pa kupigia picha, tafuta njia ya pili ya kutokea. Ukijikuta umebanwa, kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, usishindane na msukumo, sogea kimshazari kuelekea pembeni. Mtu akianguka karibu yako, mwinue kwanza. Na ukikuta geti la nyuma lina kufuli, mfuate mwenye reflekta yeyote umuulize ufunguo uko wapi. Akisema hajui, usiingie, na wambie wenzako.

Karibuni chuoni, mwaka wa kwanza. Tukutane uwanjani.