Shoti ni nini? Zoezi la maneno katika warsha ya ufundi

Tuseme mafundi umeme kumi na wawili wamekutana Mbalizi, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma. Wengine wamesoma VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Wengine wamejifunza kwa kumshikia koleo fundi mkubwa. Wote husema mkondo, fyuzi, shoti. Je, humaanisha kitu kimoja?

Istilahi ni neno lenye maana maalumu iliyokubaliwa katika fani. Zoezi la kuchangamsha ni shughuli fupi ya kuwazoesha washiriki mwanzoni mwa warsha. Mambo haya mawili yanaweza kuunganishwa: washiriki hukaa wawiliwawili, kila jozi hupewa kadi yenye istilahi, kisha huieleza bila kulitaja neno lenyewe. Jozi mbili hupewa neno moja pasipo kujua. Mwezeshaji huandika ubaoni yote yasemwayo, bila kusahihisha.

Tufuate kadi ya "shoti". Jozi moja yaweza kueleza mtu aliyerushwa na umeme. Nyingine, nyaya mbili zilizogusana zikawaka. Mtaani zote ni sahihi: mtu hupigwa shoti, na nyumba huungua kwa shoti.

Katika ufundi ni mambo mawili. Nyaya zikigusana, mkondo hupata njia yenye ukinzani mdogo, hupanda ghafla, na fyuzi hukatika. Mwili wa mtu una ukinzani mkubwa zaidi, hivyo mkondo unaoupitia ni mdogo. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki kwa mkondo huo, ilhali ampea 0.1 tu ikipita moyoni yaweza kuua. Anayezichanganya maana hizi ataitegemea fyuzi imlinde, nayo haitamlinda.

Kwa nini basi mwezeshaji asitoe fasili mapema? Kwa sababu asiyejua kwamba amekosea hana swali la kuuliza. Ataipokea fasili mpya na kubaki na maana yake ya zamani. Anapoeleza kwa maneno yake, maana hiyo hujitokeza.

Yapo masharti. Neno liwe la kazi ya siku hiyo. Jozi ijibu pamoja, asiaibike mmoja. Mwishoni fasili iandikwe, na kifaa kionyeshwe. Zoezi likigeuka mtihani, fundi aliyejifunzia mtaani atanyamaza, naye ndiye tuliyehitaji kumsikia.

Kwa masharti hayo, dakika kumi za zoezi hili zimo ndani ya somo: ni hatua ya kwanza ya usalama wa fundi.