Maana na Matumizi ya Istilahi ya Unihilisti katika Uhakiki

Miongoni mwa istilahi ambazo wanafunzi wa fasihi huzitumia kwa wepesi ni "unihilisti". Mhusika akikata tamaa huitwa mnihilisti. Akijiua, huitwa vivyo hivyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba matumizi hayo hufuta mipaka muhimu ya maana.

Istilahi hii inatokana na neno la Kilatini nihil, yaani "si chochote". Ilipata umaarufu kupitia riwaya ya Mrusi Ivan Turgenev iliyotoka mwaka 1862, ambamo kijana Bazarov anakataa mamlaka na mapokeo yote. Baadaye Friedrich Nietzsche aliitumia kueleza hali ambapo tunu kuu za jamii zimepoteza thamani. Kwa hivyo, mnihilisti halalamiki tu kwamba dunia ni mbaya. Anakana kuwapo kwa kipimo chochote cha wema na ubaya.

Tuchukue mfano wa karibu. Katika mteremko wa kutoka Sachangwan hadi Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, baadhi ya madereva wa malori walijulikana kwa kutoa gia ili kuokoa mafuta. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafariki. Misiba kama hii inapotokea, aghalabu husemwa: "Ajali haina kinga." Je, kauli hii ni ya kinihilisti? La hasha. Neno "ajali" lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya muda uliokadiriwa, hasa wa kufa. Asemaye hivyo anakiri kuwapo kwa mpango. Hiyo ni imani ya majaaliwa. Naye dereva anayetoa gia anathamini mafuta kuliko uhai. Amepima vibaya, lakini amepima. Kumwita mnihilisti ni kumvisha falsafa mtu anayestahili lawama.

Vivyo hivyo, Kazimoto katika Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi anajiua, lakini kiu yake ya kutafuta maana ya maisha inamweka karibu zaidi na udhanaishi.

Hivyo basi, mhakiki hana budi kujiuliza: je, mhusika huyu amekikosa anachokithamini, au anakana kwamba kuna cha kuthaminiwa? Ni huyu wa pili pekee anayestahili kuitwa mnihilisti.