Picha ya Wingu Peke Yake Haimtoi Mtu Nyumbani

Kila kukitangazwa mvua kubwa Oman, simu zetu hujaa picha za mawingu. Moja inatoka kwa mtoto wa ami aliyeko London, nyengine kwa kijana wa Dubai, ya tatu imetumwa na mtu wa Unguja ambaye naye ametumiwa kutoka Maskati. Wingu jeupe linazunguka kama pia, mshale mwekundu umechorwa juu yake, na chini maneno mawili matatu: "Allah atustiri." Amin. Lakini muulize aliyetuma picha ile ni ya saa ngapi, imetoka wapi, na mama aliyeko Suwaiq afanye nini. Mara nyingi hana jibu.

Nazungumza haya nikiwa mtu ninayezipenda hizo picha. Nyumbani kwangu Seeb nina antena juu ya paa na kompyuta ya zamani inayofanya kazi hiyo tu. Wanangu wameshazoea kuniona nakimbilia juu na waya mkononi. Kwa miaka hii niliyocheza na vyombo hivi, jambo moja limenikaa kichwani: kupokea picha ni kazi nyepesi. Kuigeuza kuwa neno litakalomfikia mtu wa kwenu, kwa lugha yake na kwa wakati wake, ndiyo kazi yenyewe.

Picha hizi zinatoka wapi?

Nyingi ya zile zinazozunguka kwenye simu zetu chanzo chake ni setelaiti za Meteosat, za shirika la Ulaya liitwalo EUMETSAT lenye makao yake Darmstadt, Ujerumani. Inayotuangalia sisi ni Meteosat-9, ambayo tangu 2022 imewekwa kwenye nyuzi 45.5 mashariki, juu ya ikweta, yaani juu ya Bahari ya Hindi mashariki ya Kismayu. Iko mbali sana, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, na inazunguka sawa na dunia. Kwa hivyo kwetu sisi ni kama imesimama pale pale. Kutoka hapo inaona Maskati na Unguja kwa jicho moja.

Kila dakika 15 inapiga picha mpya, na inapiga kwa njia 12 tofauti. Njia nyengine zinasoma joto badala ya mwanga, ndiyo maana hata usiku wa manane wingu linaonekana. Kilele cha wingu kikiwa baridi sana, maana yake wingu limepanda juu sana, na huko ndiko radi na mvua kubwa zinakopikwa. Ukichanganya njia hizo kwa namna fulani, vumbi la jangwani linatoka na rangi ya waridi. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama bure kwenye tovuti ya shirika lenyewe.

Wasiotaka kutegemea intaneti wana njia nyengine, nayo inaitwa EUMETCast. Data inarushwa tena kupitia setelaiti za kawaida, za namna ile ile inayotuletea televisheni. Unahitaji dishi, risiva yake, kompyuta, na ruhusa ya kufungua data. Vituo vya hali ya hewa vya nchi za Afrika vilifungiwa mitambo hiyo kupitia mradi wa PUMA, kati ya 2001 na 2005, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Waya wa intaneti ukikatika, dishi bado linapokea.

Na kuna sisi wa paa la nyumba. Kipokezi chetu ni kidogo kama fleshi, unakichomeka kwenye laptopu. Antena ni vyuma viwili, kila kimoja kama sentimita 53, vimefunguliwa kama herufi V. Setelaiti inapita juu yako kiasi cha kilomita 830, inasikika kwa dakika 10 hadi 15 kwenye masafa ya karibu na megahezi 137, kisha inazama upande wa pili. Programu kama SatDump inageuza ile sauti kuwa picha. Kwa miaka mingi wapenzi wa mchezo huu walitegemea setelaiti tatu za Marekani: NOAA-15, NOAA-18 na NOAA-19. Zote tatu zilizimwa 2025, kati ya Juni na Agosti. Sasa tunasikiliza zile za Urusi za Meteor. Ukiwa na mtoto mwenye kudadisi, mchezo huu utamfundisha jiografia kuliko kitabu.

Wadi haliko kwenye picha

Setelaiti inaona mgongo wa wingu. Haioni barabara ya kwenu. Khasa haioni wadi.

Sisi wa Oman tunajua namna wadi linavyokuja. Mvua inanyesha milimani, nyinyi mko chini na jua linawaka, watoto wanacheza. Ghafla maji yanateremka na mawe na miti. Tarehe 14 Aprili 2024, huko Samad al-Shan katika wilaya ya Mudhaibi, maji yalichukua watu, wakiwemo wanafunzi waliokuwa kwenye gari wakitoka skuli. Hakuna nyumba Oman ambayo haikulia siku ile.

Sasa piga hesabu. Meteosat inatuma picha kila dakika 15, na picha yenyewe inahitaji muda wa kutengenezwa na kufika. Zile za Meteor zinapita juu yetu mara chache tu kwa siku. Wadi halingoji. Mwenye antena kama mimi hawezi kukwambia bonde gani litajaa na saa ngapi, na akikwambia anabahatisha.

Tahadhari ni kitu chengine. Ni kauli ya watu wa kazi hiyo, waliochanganya picha za setelaiti na rada, vipimo vya mvua na hesabu za kompyuta, wakasema: eneo hili, kuanzia saa hii, fanyeni hivi. Kwa Oman kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwenye kituo cha taifa cha tahadhari za mapema. Tanzania, Zanzibar ikiwemo, ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Kwa vimbunga vya Bahari ya Arabuni, kituo cha kanda kiko New Delhi. Kwa vile vya kusini ya ikweta, kiko kisiwa cha Réunion.

Siku ya Shaheen

Wengi wetu tunakumbuka Gonu ya Juni 2007, iliyoua watu wapatao 50 Oman. Baada yake watu walianza kudhani wanakijua kimbunga: kinatoka kusini mashariki, kinapiga Sur na Maskati, kinapita. Kisha Oktoba 2021 kikaja Shaheen. Kilizaliwa kutokana na mabaki ya kimbunga Gulab, kilichoingia India kutoka Ghuba ya Bengal, kikavuka bara zima, kikapata nguvu upya upande wetu. Tarehe 3 Oktoba kikaingia Batina. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita bila ya kimbunga cha nguvu zile kupiga pwani ya kaskazini. Khaburah ilipata karibu milimita 370 za mvua, wakati wastani wa Oman ni kama milimita 100 kwa mwaka mzima.

Shangazi yangu alikuwa Suwaiq, peke yake na mjukuu mdogo. Kizazi chake kilirudi Oman kikiwa kikubwa tayari. Kiarabu anazungumza cha sokoni na cha sala, lakini tangazo refu la serikali halisomi. Kiingereza ndiyo kabisa. Asubuhi ile simu yake ilikuwa na picha zaidi ya 20 za kimbunga. Alizitazama zote. Nilipompigia akaniambia, "Mwanangu, mawingu nimeyaona. Mimi na mawingu wapi na wapi? Nimefunga madirisha."

Picha 20 hazikumtoa nyumbani. Kilichomtoa ni sauti ya nusu dakika. Mtoto wa ami aliyeko Birmingham, ambaye intaneti yake haikuwa na wasiwasi wowote, alisoma tangazo rasmi kwa Kiarabu, akarekodi kwa Kiswahili: "Shangazi, shikamoo. Serikali imesema kimbunga kinaingia upande wenu huo huo, Batina, leo jioni. Wanataka watu wa karibu na bahari watoke. Jirani yako yuko njiani na gari, atakupeleka skuli waliyofungua kwa watu kulala. Toka kabla ya Alasiri. Chukua dawa za sukari na pasipoti."

Alitoka. Usiku maji yaliingia nyumbani kwake mpaka usawa wa dirisha. Vitu vilikwenda, yeye na mtoto wako salama, alhamdulillah.

Tazama kilichokuwemo kwenye ile sauti: nani kasema, wapi, lini, fanya nini, nani atakusaidia. Hakukuwa na picha hata moja.

Saa 10 ya nani?

Kuna jambo jengine linalotuhusu sisi peke yetu, na wataalamu wa Ulaya hawatatuandikia. Ni saa.

Picha za setelaiti zina muhuri wa saa ya kimataifa, UTC. Oman iko mbele yake kwa masaa manne, Afrika Mashariki kwa matatu. Picha iliyoandikwa 12:00 ni ya saa 10 alasiri Maskati, na saa 9 alasiri Unguja. Hapo tayari kuna mkanganyiko. Ongeza na saa zetu za Kiswahili. Ukiandika "upepo utaanza saa 10", bibi wa Unguja anaelewa alasiri. Kijana aliyezaliwa Maskati, aliyesoma saa kwa Kiarabu, anaelewa saa 4 za usiku. Kati yao kuna masaa sita, na kwenye kimbunga masaa sita ni barabara iliyo wazi na barabara iliyokatika.

Dawa tunayo nyumbani. Tumieni nyakati za sala za mahali penye hatari. "Kabla ya Alasiri ya Suwaiq" hakuna asiyeielewa, mkubwa wala mdogo. Kisha andika na saa kamili kwa tarakimu, 15:30, na jina la mji.

Ujumbe ukae vipi

Duniani upo utaratibu wa kuandika tahadhari uitwao CAP, ambao toleo lake la 1.2 lilipitishwa 2010. Ni kama fomu yenye visanduku ambayo kompyuta, simu na redio zote zinaielewa: nani katoa, lini katoa, inamalizika lini, eneo gani, uzito gani, watu wafanye nini. Tahadhari moja inaweza kubeba lugha zaidi ya moja ndani yake. Kwa hivyo vijana wetu wanaosomea kompyuta, wakitaka kutengeneza programu ya kuzifikisha kwa Kiswahili, hawana haja ya kuanzia sifuri.

Sisi wengine tunaweza kuifuata fomu ile kwa mkono. Kwenye grupu yetu ya ukoo ujumbe hauruhusiwi kupita bila ya mambo haya:

- Chanzo: mamlaka ya nchi gani, na tarehe ya tangazo.
- Eneo: jina la wilaya au mji. "Oman" peke yake haitoshi.
- Wakati: unaanza lini na unamalizika lini.
- Hatua: toka, usivuke wadi, usisafiri baharini, funga duka.
- Mtu: nani katika ukoo yuko karibu na ana gari.

Rangi nazo zina maana yake. TMA inatumia njano kwa Angalizo, rangi ya chungwa kwa Tahadhari, na nyekundu kwa Tahadhari Kubwa. Msizibadilishe majina hayo ili ujumbe uonekane mzito. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, boti za Dar es Salaam na Unguja zilisitisha safari. Waliokuwa na jamaa bandarini walihitaji kujua hilo tu, wala si video ya mawimbi ya nchi nyengine.

Kwenye kila ukoo mchagueni mtu mmoja au wawili wa kazi hii. Inafaa mmoja awe nje ya eneo la hatari, kama yule wa Birmingham, kwa sababu umeme ukikatika Batina hautakatika Uingereza. Awe na namba za majirani, si za jamaa tu. Na mtandao ukiwa dhaifu atume maandishi mafupi, maana picha haitapita lakini mistari miwili inaweza kupita.

Vimbunga vya upande wetu vina misimu miwili, Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba. Kazi hii ifanyeni kabla, mkiwa mnakunywa chai.

Na hatari ikimalizika, yule yule aliyetuma tahadhari atume na la mwisho, baada ya mamlaka kutangaza: "Imekwisha, rudini nyumbani, wadi msilivuke bado." Kisha aufute ule wa mwanzo. Tahadhari isiyofutwa itazunguka tena Oktoba ijayo, ikiwa na tarehe ambayo hakuna atakayeitazama, na itamkuta shangazi wa mtu mwengine.