Kabla Hujachana Boneti

Lita 1 ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi. Theluthi yake, kwa bahati, ndiyo inayosukuma magurudumu. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki huishia kwenye rejeta na chuma cha injini. Anza na hesabu hiyo kabla hujamwambia fundi wa Nachingwea achane boneti ili joto la injini litoke.

Chukua Corolla ya miaka ya 1990 inayosubiri zamu kwenye ghala la korosho, injini ikiwa sailensa. Inakunywa karibu lita 1 kwa saa, na rejeta inatema kilowati 3. Hewa ikipanda nyuzi 20, zinatakiwa lita 130 za hewa kila sekunde kuliondoa joto hilo. Matundu mawili ya boneti, kila moja sentimita 10 kwa 20, yatapitisha hewa hiyo kwa mwendo wa mita 3 na kidogo kwa sekunde. Feni inaimudu kazi hiyo. Hapo matundu yanasaidia kweli. Hata ukizima gari, joto linapanda na kutoka badala ya kukausha mipira na nyaya.

Sasa lipakie gari hilohilo, ulipandishe vilima vya Ruangwa mwezi Novemba, kivulini nyuzi 33, likinywa lita 10 kwa saa. Joto la rejeta linafika kilowati 30, na hewa inayotakiwa ni lita 1,300 kwa sekunde. Ili ipite yote kwenye matundu yale, ingebidi ikimbie karibu kilomita 120 kwa saa. Thubutu! Nyingi itatokea chini ya gari kama siku zote.

Usitoboe karibu na kioo. Gari likikolea mwendo, upepo unaogonga kioo hurudisha hewa ndani, na ndiyo kasoro ya ule ujanja wa kuinua boneti kwa washa kwenye bawaba. Toboa mbele, nyuma tu ya rejeta, na uikinge distribyuta kwa bati, maana mvua haziko mbali.

Lakini gari linalochemsha njiani, tazama kwanza mfuniko wa rejeta. Nachingwea iko mita 400 na ushei juu ya bahari. Maji yasiyo na mgandamizo huchemka kabla ya nyuzi 99. Mfuniko mzima wa 0.9 huyafikisha karibu 118. Tuseme fundi anataka shilingi 80,000 kukata na kupaka rangi, na mfuniko ni 15,000: nyuzi 20 umezipata kwa chini ya robo ya bei. Nunua mfuniko, safisha rejeta, rudisha themostati kama iling'olewa. Chenji ikibaki, chana.