Kuwinda ndege kwa kamera mwaloni Port Bell

SAA kumi na mbili na nusu asubuhi wachuuzi wa mukene wa Port Bell huwa wamekwisha kupatana bei. Jumamosi hiyo nilifika na mfuko wa kamera begani, na mlinzi mmoja akanisimamisha kabla sijamsalimia mtu.

"Ssebo, hapa meli hazipigwi picha."

Nilimjibu kwamba sikufuata meli, nimefuata ndege.

"Ndege? Ndege ziko Entebbe!"

Ilinibidi nimwonyeshe kaloli aliyesimama juu ya paa la bohari, kichwa kipara, mfuko ukining'inia shingoni. Mlinzi akacheka, akaniruhusu kupita upande wa mwalo, mradi nisielekeze lenzi gatini.

Port Bell iko Luzira, kilomita 10 hivi kutoka katikati ya Kampala, kwenye ghuba ya Murchison. Ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na bia maarufu ikachukua jina hilo kutoka bandarini. Ndugu zetu wafanyabiashara wanaijua zaidi kwa meli: MV Kabalega iliyozama Mei 2005 baada ya kugongana na MV Kaawa, na MV Umoja ya Tanzania iliyoanza tena safari kutoka Mwanza mwaka 2018. Ni wachache wanaozunguka nyuma ya mabohari kutazama mafunjo.

Mimi nilivushwa Busia mwaka 1983 nikiwa na miaka minne, wakati wa vita vya Luweero. Shule nilisomea Kisumu, ng'ambo ya ziwa hili hili. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa akitupeleka kwenye kinamasi cha Dunga na kutufundisha ndege kwa Kiswahili: mdiria, mnandi, kwazi, yangeyange. Niliporudi nyumbani mwaka 2002 sikuwa na jina hata moja la ndege kwa Kiganda. Kiswahili changu nacho kiliwafanya wazee wanitazame kwa jicho la pembeni, maana wengi walikisikia kwanza kinywani mwa askari mwenye bunduki. Kamera ilinisaidia kuliko cheti cha ualimu. Unamwonyesha mtu picha, naye anakupa jina.

Jina la kwanza kupewa lilikuwa nnyange. Nilirudia mara mbili tatu, kisha nikacheka peke yangu. Nnyange, yangeyange! Ndege mmoja, na jina karibu ni lile lile.

Asubuhi hiyo wa kwanza kunasa alikuwa mdiria, yule wa rangi nyeusi na nyeupe. Huyu hupiga mbawa akiwa mahali pamoja hewani, juu ya maji, na kichwa chake hutulia kama kimepigiliwa msumari. Hapo ndipo pa kubonyeza, huku jua likiwa mgongoni mwako, kwani akishaanza kushuka umemkosa. Nilimkosa mara sita.

Zamani mdiria wa ziwa hili aliishi kwa furu. Sangara, ambao waliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, walipozidi katika miaka ya 1980 na kuwamaliza furu wengi, mdiria akahamia kwa mukene, ndio omena wa Kisumu na dagaa wa Mwanza. Yaani yeye na mchuuzi wa Busia walibadili biashara karibu wakati mmoja.

Kaloli sikumpigia picha nyingi. Kampala nzima imejaa kaloli. Niseme tu kwamba ile miguu myeupe si rangi yake. Hujinyea miguuni ili apunguze joto.

Nyuma ya mwalo ndipo mafunjo yanapoanza. Si mbali na hapo mfereji wa Nakivubo huleta maji machafu ya Kampala na kuyapitisha kwenye kinamasi kabla hayajaingia ghubani, na mitambo ya Gaba huvuta maji ya kunywa kutoka ghuba hiyo hiyo. Chujio la katikati ni mafunjo, na mafunjo yamefyekwa kupisha magimbi na miwa, kwingine yamemwagiwa kifusi. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika na kuvunja rekodi ya 1964, vipande vya kinamasi vilikatika vikaelea kama visiwa. Kimoja kilikwenda kuziba mitambo ya umeme ya Jinja mwezi Aprili, nchi nzima ikawa gizani.

Humo ndani nilisikia sauti niliyoijua tangu Dunga, ya ndege mweusi mgongoni, kifua chekundu, utosi wa manjano. Yeye huishi kwenye mafunjo tu. Nilisubiri nusu saa nzima, mbu wakinila. Sauti niliipata, picha sikuipata.

Niliporudi mwaloni nilikuta ugomvi. Mama mmoja anayeanika mukene kwenye vichanja vya nyavu (ule wa mchangani huishia kuwa chakula cha kuku, bei yake ya kusikitisha) alikuwa akiibiwa, na wenzake walimlaumu yeye mwenyewe. Kila ndege alitupiwa jiwe isipokuwa nnyange, kwa sababu yeye ni wa ukoo wa Nnyonyi Nnyange na hawezi kumpiga muziro wake.

"Muziro wako ndio mwizi!" mmoja alimwambia.

Nilikuwa nimepiga picha kama 30 za vichanja vile. Tukaingia kivulini, nikazikuza moja moja kwenye kioo cha kamera. Nnyange, mdomo wa manjano, alikuwa na nzi mdomoni. Nyingine, nzi. Nyingine tena, nzi. Aliyebeba mukene, na mkia wake ukionekana wazi, alikuwa fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo.

Mama alishika kamera kwa mikono miwili na kuizungusha kwa kila aliyekuwapo, mpaka kwa mlinzi wa getini. Kisha akanipimia mukene kikombe kimoja na kukataa pesa.

"Na wewe, mwalimu, muziro wako nini?"

"Ng'aali," nilimjibu, kama baba alivyoniambia kule Kisumu.

"Basi nionyeshe picha yake."

Ng'aali ni yule korongo mwenye taji aliyeko kwenye bendera yetu. Nilitafuta kwenye kamera yote, ingawa nilijua. Sikuwa naye hata mmoja.

"Hapa Port Bell humpati," alisema mama, akigeuza mukene wake. "Huyo anataka nyasi na nafasi."