Ukizima Mtandao, Mteja Aliyelipa Anakuita Tapeli

Wafanyabiashara wenzangu, ukimuuliza mtu miundombinu ni nini atakutajia barabara, reli, bandari na madaraja. Sawa. Ila sisi tunaouza mtandaoni tuna barabara nyingine ambazo hatuzioni, na tunazijua siku zikikatika.

Kipimo changu ni hiki: kitu ambacho si chako, hukukijenga wewe, lakini kikisimama na duka lako linasimama, hicho ndiyo miundombinu yako.

Kumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja huko kusini. Intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Wengi wanadhani intaneti yote inatoka angani, kumbe sehemu kubwa inakuja kwa waya uliolala chini ya bahari, unaoingia nchi kavu kwenye miji kama Dar es Salaam na Mombasa. Siku hiyo bando lilikuwepo, mzigo upo, mteja ana hela, ila picha haipandi na meseji inazunguka tu.

Tarehe 4 Oktoba 2021 ilikuwa tofauti. Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa takriban saa 6, na waya wala haukukatika. Tatizo lilikuwa ndani ya kampuni yenyewe. Kwa hiyo ule ukurasa wako wenye wafuasi elfu kumi ni kibanda ulichoweka kwenye uwanja wa mtu. Mwenye uwanja akifunga geti, na wewe umefunga.

Hasara kubwa hapo siyo oda uliyokosa. Ni yule mteja aliyetuma hela asubuhi, mchana hakupati. Yeye hajui habari za waya. Anajua kametuma hela na mwenye duka kapotea. Kwa biashara yetu, kimya ni utapeli mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kwa hiyo jipange hivi:

1. Kila oda iandike kwenye daftari: jina, namba ya simu, kiasi alicholipa, mzigo umefikia wapi. Simu ya kawaida na SMS hazihitaji bando. Mtandao ukizima, anza kuwapigia waliolipa, halafu ambao mzigo uko njiani. Wanaouliza bei watasubiri.

2. Usitegemee aplikesheni peke yake kwenye malipo. Menyu zinazoanzia *150* zinafanya kazi bila intaneti. Kuwa na laini za mitandao miwili, na mteja azijue zote mapema, siyo siku ya dharura. Namba mpya ya malipo siku ya dharura inatia wasiwasi.

3. Anwani nayo ni miundombinu. Mwaka 2022 kulikuwa na operesheni ya kuweka majina ya mitaa na namba za nyumba. Muulize mteja namba ya nyumba, siyo "ukifika kwenye mwembe nipigie". Boda akizunguka nusu saa, nauli inapanda na mnaanza kugombana nani alipe.

4. Mzigo wa mkoani ukipanda basi, piga picha risiti na namba ya gari, umtumie mteja saa hiyo hiyo.

5. Umeme ukiwepo, chaji simu na pawabenki. Usisubiri asilimia 5.

Halafu kuna miundombinu yenye miguu: boda wako unayemwamini, wakala wa pale jirani, kijana wa ofisi ya basi anayekufahamu kwa sauti. Hao walipe kwa wakati na usiwapunje. Waya wa baharini huwezi kuutengeneza, ila hawa unaweza kuwatunza.

Leo jioni chukua daftari, andika vitu vitano ambavyo vikisimama na wewe unasimama. Mbele ya kila kimoja andika njia ya pili. Palipo patupu, anzia hapo.