Do, Mi na Sol Wanapopokezana Njia

Wadogo zangu, hapo zamani Do, Mi na Sol walikuwa ndugu watatu wa Mangina. Kila asubuhi walishika njia nyembamba ya kwenda shamba la kakao, mmoja nyuma ya mwenzake. Siku ya kwanza Do alitangulia. Siku ya pili Do akaenda mwisho, Mi akaongoza. Siku ya tatu Mi naye akaenda mwisho, zamu ikawa ya Sol. Waliokutana nao hawakushindwa kuwatambua hata siku moja: ni watoto wa nyumba ile ile.

Ndivyo akodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, inavyogeuzwa kwenye kinanda. Do-mi-sol ni akodi ya do katika mpangilio wake wa asili. Chukua do uipandishe juu, unapata mi-sol-do, mgeuzo wa kwanza. Pandisha na mi, unapata sol-do-mi, mgeuzo wa pili. Noti ni zile zile, ila inayotangulia chini ndiyo inayobadili ladha.

Sasa kaa kwenye kinanda cha kwaya. Usizibonyeze noti zote kwa pamoja: zipige moja moja, kupanda na kushuka. Hiyo ndiyo arpejio. Hesabu vidole vya mkono wa kuume kuanzia gumba: do-mi-sol kwa 1, 3, 5, mi-sol-do kwa 1, 2, 5, sol-do-mi kwa 1, 3, 5. Itaje kila noti kwa mdomo, tena polepole, hadi zote zilie kwa nguvu moja.

Faida ya kugeuza akodi ni nini? Kutoka do-mi-sol kwenda fa-la-do, mkono unaruka. Lakini ukiipiga akodi hiyo ya fa kama do-fa-la, gumba linabaki pale pale. Kidole cha kati kinatoka mi hadi fa, cha mwisho kinatoka sol hadi la. Wimbo unatiririka.

Wapiga gitaa wetu wanaijua siri hii. Msikilize Docteur Nico, aliyepiga gitaa la solo la bendi ya African Jazz katika “Indépendance Cha Cha” mwaka 1960. Kwenye sebene, sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala, gitaa la solo huzitawanya noti za akodi huko juu, likizipanga na kuzipanga upya.

Leo anza na do. Ukiimudu, ongeza fa na sol. Akodi hizo tatu zinabeba nyimbo nyingi za kwaya. Umeme ukikosekana, pigia vidole mezani huku ukiziimba noti, ili mkono na sikio vijifunze pamoja.